Safari Yetu ya Mombasa, Kutoka Kitale na Bungoma

Watu wengi wa huku kwetu bara wanaujua mji wa Mombasa kwa jina tu. Mkulima wa Trans Nzoia hulitaja jina hilo kila mwaka anapongoja mbolea, kwa sababu mbolea hiyo hufika nchini kwa meli na kupakuliwa katika bandari ya Kilindini. Karani hulitaja anapoandika barua za mizigo na ushuru. Mtoto wa shule huchora ramani ya kisiwa hicho, apate alama zake, kisha asahau. Lakini ukiuliza kijijini ni watu wangapi walioiona bahari kwa macho yao wenyewe, watakaoinua mikono watakuwa wachache. Kwa hiyo nimeona ni vema kuwaeleza wasomaji habari za safari tuliyoifanya mwezi wa Desemba, baada ya mavuno, mimi pamoja na jamaa yangu, ili mwenye nia ya kwenda ajue njia ilivyo, na ajue pia mambo ya huko yanayotuhusu sisi watu wa milimani.

KUJITAYARISHA

Mimi ni karani wa serikali hapa Kitale, na mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto watatu: mvulana wa miaka kumi na mmoja, binti wa miaka minane, na mdogo wao wa miaka mitano. Tulianza kuweka fedha za safari mwezi wa Januari, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na magunia machache ya mahindi ya shamba letu yalijaza pengo lililobaki. Mtu mwenye mshahara wa kawaida hawezi kufanya safari ya namna hii kwa kukurupuka.

Tulipokwisha kupanga, nilikwenda nyumbani kwetu Bungoma kumwarifu mama yangu mzazi. Yeye ni mjane aliyepita miaka sitini, na safari zake zote zilikuwa hazijavuka Nakuru. Nilidhani atatuombea heri na kubaki na ng'ombe wake. Badala yake alinyamaza kidogo, akasema, "Nami nitakwenda. Nina mtu wangu huko Mombasa." Nilipomwuliza ni mtu gani, alinijibu kwamba ataniambia njiani. Basi tukawa watu sita.

Tuliondoka Kitale kwa matatu, tukipita Kiminini na Webuye hata Bungoma, tukamchukua mama, na jioni tukapanda basi la usiku la kwenda Nairobi. Watoto walilala tangu Eldoret mpaka kulipopambazuka.

GARINI

Kutoka Nairobi hadi Mombasa tulipanda treni. Wazee bado huiita gari la moshi, ingawa haina makaa wala tanuri. Reli hii mpya ilifunguliwa Mei 31 mwaka 2017, na ina urefu wa kilomita 480 hivi. Nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilikuwa shilingi 1,000, ikapandishwa hadi shilingi 1,500 kuanzia Januari 2024; mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipiwa nusu. Kwa hiyo sisi sita tulilipa shilingi 6,750 za kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi. Tikiti tulizikata mapema kwa simu, kwani mwezi wa Desemba viti huisha upesi sana. Sharti abiria afike stesheni mapema pia, kwa sababu mizigo yote hukaguliwa, na mbwa hupitishwa kunusa kila mkoba. Binti yangu aliwaogopa sana mbwa hao, lakini walikuwa na adabu kuliko mbwa wetu wa nyumbani.

Treni ya asubuhi huondoka saa mbili, ikisimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na vituo vingine. Baada ya Mtito Andei tuliingia nchi ya Tsavo, ambako udongo ni mwekundu kama matofali mabichi na hata ndovu wana rangi hiyo. Watoto waliwahesabu ndovu kumi na saba. Njia ya reli imeinuliwa juu, na chini yake yameachwa mapito ili wanyama wavuke bila kugongwa. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 1898, simba wawili waliwala wafanya kazi wengi waliokuwa wakijenga reli ya kwanza, mpaka walipopigwa risasi mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Ngozi zao zilijazwa na kuwekwa katika makumbusho ya mji wa Chicago, Marekani.

Reli hiyo ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Baadaye matawi yakapanda kwetu: Kitale ilipata reli mwaka 1926, na njia nyingine ikapita Eldoret na Bungoma kwenda Uganda. Tulipoviona vyuma vyake vya zamani kando ya njia mpya, mama alivitazama sana. Ndipo alipotuambia habari za mtu wake.

Alisema kwamba mwaka 1917 babu yake, yaani baba wa baba yake, alichukuliwa na watu wa chifu pamoja na vijana wengine wa kijiji kwenda kubeba mizigo ya vita. Wakati ule nchi yetu iliitwa North Kavirondo. Alimwacha mkewe na mtoto mmoja wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Mtoto huyo ndiye baba wa mama yangu. Walitembea kwa miguu mpaka Kisumu, wakapakiwa katika mabehewa. Mwenzake mmoja aliyeugua alirudishwa nyumbani, naye ndiye aliyeleta habari ya mwisho: kwamba alimwona babu akiingizwa katika meli huko Mombasa, pamoja na wengi, na shingoni amevaa kibati chenye namba. Tangu siku hiyo hakuna habari nyingine iliyofika. Mkewe alingoja miaka mingi. Mwishowe wazee walizika kipande cha mgomba mahali pa mwili, wakaondoa matanga.

Watoto waliacha kutazama dirishani. Mvulana wangu aliuliza, "Kukhu, jina lake nani?" Mama alilitaja jina, na mtoto akaliandika katika daftari lake. Ameniomba nisilitangaze gazetini mpaka wazee wa ukoo wakutane, nami nimemtii.

KISIWA CHA MOMBASA

Tulifika stesheni ya Miritini saa nane mchana. Mlango wa behewa ulipofunguliwa tulipokewa na joto kama la jikoni. Msomaji akumbuke kwamba Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi tumezoea baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Mama alivua sweta yake, kisha kitambaa, kisha akasema watu wa huku hawahitaji kuni.

Mombasa ni kisiwa kilichoingia katikati ya hori mbili za bahari. Upande wa kusini kuna Kilindini, yaani mahali penye kilindi, ambako meli kubwa huingia. Upande wa kaskazini iko bandari ya kale ya majahazi, na juu yake Mji wa Kale. Tulipata vyumba katika nyumba ndogo ya wageni. Katika barabara ya Moi tulipiga picha chini ya zile pembe nne kubwa zinazovuka barabara kwa mfano wa herufi M. Watu wengi wa bara hudhani ni pembe za kweli, lakini zimeundwa kwa bati. Ziliwekwa katika miaka ya 1950, wakati wa ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza.

Kwa chakula, mgeni hawezi kufa njaa hata akiwa na fedha chache. Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi. Jioni, katika barabara ya Mama Ngina, chini ya mibuyu mikubwa, tulinunua mihogo ya kuchoma iliyotiwa ndimu na pilipili, tukanywa madafu. Hapo ufuoni meli hupita karibu sana hata mtu aweza kusoma majina yake. Meli moja ilipokuwa ikiingia nilimwambia mvulana wangu kwamba meli za namna hiyo ndizo huleta mbolea yetu ya kupandia, na kwamba zikichelewa hapa mwezi wa Februari, mkulima wa Kiminini hupanda akiwa amechelewa. Alishangaa kwamba shamba letu lina mlango ulio mbali hivi.

Jambo jingine lililotufurahisha ni lugha. Sisi husema Kiswahili cha shule na cha sokoni. Pale tulikisikia kikitoka kwa wenyewe. Mwenye duka hakusema "mnataka," alisema "mwataka". Na kila aliyempita mama alimwamkia kabla ya neno jingine lolote. Mke wangu aliwaambia watoto wasikilize, kwani somo hilo hawezi kuwafundisha darasani.

NGOME MBILI

Siku ya pili tulikwenda Fort Jesus, ngome kubwa inayosimama penye mwingilio wa bandari ya kale. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya fundi Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Kuta zake ni nene ajabu. Ukiitazama ramani yake utaona umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka 1696, mwezi wa Machi, jeshi la Waomani liliizingira, na vita hivyo vikaendelea mpaka Desemba 1698. Njaa na magonjwa viliua watu wengi ndani kuliko mizinga, hata Waomani walipoingia waliwakuta walinzi wachache tu wangali hai. Waingereza walipoutawala mwambao waliigeuza kuwa jela mwaka 1895, ikabaki jela hadi 1958. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia.

Ndani tuliona vyungu, shanga, mizinga, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari katika meli ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu hivyo vilizamiwa na kuinuliwa kuanzia mwaka 1977.

Mvulana wangu, ambaye amewahi kupanda kilima cha Chetambe karibu na Webuye pamoja na wanafunzi wenzake, aliniuliza ni ipi kubwa kati ya ngome hizo mbili. Swali lake lilikuwa zuri. Ngome ya Chetambe haikujengwa kwa mawe wala haikuchorwa na fundi wa ng'ambo. Ni boma la udongo lenye handaki, na siku hizi mtu asiyeambiwa aweza kuona majani na vichaka tu. Lakini mwaka 1895, mwaka uleule ambao ngome hii ya pwani iligeuzwa kuwa jela, Babukusu walipigana hapo, baada ya kupigana Lumboka, na jeshi lililoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, lenye bunduki za Maxim. Walishindwa kwa silaha, na wengi waliuawa. Nilimjibu kwamba ukubwa wa ngome hupimwa pia kwa watu waliokufa ndani yake. Mwenye kulipa nauli ya kuja kuona kuta za Wareno asiache kuwapeleka watoto wake Chetambe, ambako nauli ya matatu ni ndogo, na pia katika makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa na serikali mwaka 1974 yakiwa ya kwanza ya taifa nje ya Nairobi na pwani.

JONGOO WALIOTENGENEZA UDONGO

Siku ya tatu tulikwenda Bamburi, kaskazini ya kisiwa. Watoto waliiona bahari kwa karibu, wakaingia mpaka magotini. Mdogo wetu aliyaonja maji, akatema, akataka kujua ni nani aliyetia chumvi yote ile. Nawaonya wazazi kwamba maji hujaa na kupwa, na ufuo uliokuwa mpana asubuhi huweza kumezwa kabla ya alasiri. Mtoto asiachwe peke yake hata kidogo.

Karibu na hapo iko Haller Park, na mkulima yeyote akifika Mombasa asikose kupaona. Zamani palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe, lisilo na udongo wala jani, lenye maji ya chumvi karibu na uso. Mwaka 1971 bwana mmoja mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina ishirini na sita, na tatu tu zilistahimili. Uliofaa kuliko yote ni mvinje, mti wenye majani membamba kama sindano, ambao mizizi yake husaidiwa na vijidudu kupata chakula kutoka hewani, kama maharagwe yafanyavyo.

Lakini majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza, yalijilundika tu. Basi bwana huyo alileta jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, akawaachilia humo kwa mamia. Jongoo waliyala majani, na kinyesi chao kikawa udongo mweusi. Udongo ulipopatikana, miti mingine ikaota, ndege wakaja, vidimbwi vikawekwa samaki, na wanyama wakaletwa. Sasa mtu hutembea humo katika msitu wenye kivuli, na asingeambiwa asingejua kwamba palikuwa shimo la mawe.

Hapo ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004. Alimfuata kobe mzee aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake, na dunia nzima ikasoma habari zao. Watoto walipenda hadithi hiyo. Mimi nilibaki nikifikiri juu ya jongoo. Huku kwetu tunalalamika kwamba udongo umechoka na kuwa mchachu kwa kutiwa mbolea ya dukani mwaka hata mwaka, na bado tunachoma mabua baada ya kuvuna. Ikiwa jongoo na majani makavu waliweza kufanya udongo juu ya jiwe tupu, mabua yetu yakiozeshwa yatafanya mengi katika shamba ambalo lina udongo tayari.

SANAMU ZA BARABARANI

Siku ya nne ilikuwa ya mama. Tulikwenda asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, mpaka barabara ya Jomo Kenyatta, ziliko sanamu za shaba za askari Waafrika. Ziliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na nyingine za ukumbusho huohuo zilisimamishwa Nairobi na Dar es Salaam. Magari na tuktuk hupita hapo mchana kutwa, na watu wengi hupita bila kuinua macho.

Inafaa nieleze kwa ufupi habari za wapagazi hao. Vita vilipiganwa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, mahali pasipo barabara, na penye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe. Kwa hiyo risasi, chakula na mizinga vilibebwa kichwani na mabegani mwa watu. Mwaka 1917 John Ainsworth aliwekwa kusimamia kazi ya kukusanya wapagazi katika Kenya, na maelfu kwa maelfu walichukuliwa, wengi wao kutoka Nyanza ya wakati ule, ambayo ndani yake ilikuwamo nchi yetu. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita hivyo. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Jina la jeshi lao, Carrier Corps, likawa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi. Mishahara ya wengi waliokufa haikupata kuwafikia jamaa zao.

Mama alisimama mbele ya sanamu, akavua viatu. Alimwambia mjukuu wake asome maandishi ya Kiswahili, naye akayasoma kwa sauti. Alipomaliza, mama aliuliza, "Na majina yako wapi?" Nilizunguka pande zote nikitazama, ingawa nilijua jawabu. Nikamwambia, "Mama, hakuna majina. Ni ukumbusho wa wote." Akasema, "Aliandikwa alipochukuliwa. Walimpa namba. Mtu aliyeandikwa wakati wa kwenda, kwa nini asiandikwe wakati wa kufa?"

Sikuwa na la kumjibu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini karibu na hapo, mwenye kofia na fimbo, alituamkia, akauliza, "Mama, mwamtafuta nani?" Mama alimweleza. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi ni Wagiriama. Wazee wetu walikataa kutoa vijana, wakapigwa mwaka wa kumi na nne, nyumba zikachomwa. Wenu walitolewa wakaenda. Wote hawakurudi kwao kama walivyoondoka. Pole mama. Hapa ndipo walipopandia meli, umefika mahali penyewe." Mama akamwambia asante.

Kisha alisema maneno yake kwa Kibukusu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwenzake habari za nyumbani: kwamba mtoto aliyemwacha alikua, akaoa, akazaa, kwamba yeye ni binti wa mtoto huyo, kwamba hawa ni wajukuu wake, kwamba ng'ombe wapo. Alitaja jina lake mara tatu. Hakulia. Alipomaliza alivaa viatu vyake, akasema anataka kuona maji ambayo meli ilipita. Tulikwenda Likoni, tukavuka kwa feri, ambayo mtu wa miguu halipi kitu, tukarudi kwa feri iliyofuata. Alisimama ukingoni wakati wote, ameshika chuma, akitazama upande wa bahari kuu.

Napenda wasomaji wajue kwamba swali la mama limekwisha kuulizwa na wengine pia. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye kazi ya kutunza ukumbusho wa waliokufa, ilitoa taarifa ikakiri kwamba maelfu mengi ya Waafrika na Waasia hawakukumbukwa kwa usawa na askari wa Kizungu. Wengine hawakuandikwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo iliomba radhi. Radhi ni jambo jema. Lakini Tume haiwezi kuandika jina isilolijua, na majina hayo, kama yapo mahali popote, yamo katika vichwa vya wazee wetu.

USHAURI KWA MWENYE KWENDA

Mwenye kutaka kufanya safari hii na jamaa yake namshauri hivi. Akate tikiti za treni mapema. Achukue nguo nyepesi, na awape watoto maji mara kwa mara, kwani joto la pwani humchosha mtu wa milimani kabla hajajua. Asikimbilie ufuoni tu. Awaonyeshe watoto ngome, Mji wa Kale na msitu wa Bamburi, kwa maana hayo ndiyo watakayoyakumbuka wakiwa watu wazima. Aamkie watu, atajibiwa vizuri.

Na kabla ya kuondoka awaulize wazee wa nyumbani kwake ni nani wa ukoo aliyepita Mombasa zamani: mpagazi, askari wa vita vya pili, fundi wa reli au kuli wa bandarini. Akipata jina aliandike, pamoja na mwaka, kijiji alikotoka na jina la mtu aliyeileta habari. Kazi hiyo haina gharama ila daftari na kalamu, na haingoji ruhusa ya afisi yoyote. Mzee akiisha kuzikwa, jina alilokuwa nalo huzikwa pamoja naye.

Sisi tumekwisha kuanza. Jumamosi moja ya Januari, kabla mvua za kupandia hazijaanza kutajwa, mama aliwaita wazee wa ukoo nyumbani Bungoma, akawapikia, akawaeleza aliyoyaona. Mvulana wangu alikaa mezani na daftari lake. Kufikia jioni alikuwa ameandika majina kumi na moja ya watu waliochukuliwa kati ya mwaka 1914 na 1918. Watano walirudi, sita hawakurudi. Juu ya wawili wazee hawakupatana kama walikuwa ndugu au binamu, na mjadala huo haujakwisha. Wazee wengine wawili wa upande wa Kimilili wametuma habari kwamba wana majina matatu zaidi, nao watakuja kuyaleta wenyewe baada ya kupanda.